Duara jeusi kwenye skrini

Kwenye skrini ya altrasaundi, maji huonekana meusi. Sauti inayotumwa na mashine hupenya ndani ya maji bila kurudi, lakini ikigonga mfupa hurudi kwa nguvu na kuchora weupe. Kwa hiyo kila anayejifunza mashine hii, awe mkunga au daktari wa mifugo, huanza kwa kutafuta duara jeusi, yaani kifuko chenye maji. Kulipata si kazi ngumu sana. Swali linalonisumbua ni lile linalofuata: likishaonekana, nani atafanya nini, na kwa muda gani?

Mwaka jana nilisimama kwenye banda la mama mmoja mfugaji huko Githunguri, Kiambu, nchini Kenya. Ng'ombe wake alikuwa amehimilishwa, yaani kupandikizwa mbegu kwa mrija, siku 32 kabla. Daktari wa mifugo alivaa glavu ndefu inayofika begani, akatoa mavi kwanza, kisha akaingiza mkono na kichwa cha mashine, macho yakiwa kwenye skrini ndogo aliyoining'iniza shingoni. Kama kungekuwa na ndama, tungeona kifuko cheusi na ndani yake punje nyeupe yenye moyo unaopigapiga. Hatukuona.

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Na mbona hajarudi joto, daktari?"

"Alirudi. Hukumwona tu."

Akamchoma sindano ya kurudisha joto, na siku ya tatu mhimilishaji alikuwa pale. Kazi ikaisha ndani ya wiki. Ng'ombe asiye na mimba hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, kila baada ya siku 21 hivi, na kila zamu inayopotea ni lishe inayoliwa bila matumaini ya maziwa. Kwa mama yule, jibu la "hakuna" lilikuwa na thamani kuliko jibu la "ipo".

Wanaoipinga mashine bandani wana hoja pia, tena si za kupuuza. Daktari mwenye mkono mzoefu hupima mimba kwa kupapasa kuanzia wiki ya sita hivi, bila betri wala skrini. Mimba inayoonekana siku ya 30 inaweza kuharibika yenyewe baadaye, hivyo kipimo cha mapema hakiondoi haja ya kurudia. Na ile sindano ya kurudisha joto humtoa mimba ng'ombe mwenye mimba changa. Anayesoma picha vibaya, basi, anaua ndama kwa mkono wake huku mfugaji akimshukuru.

Sasa tuje kwa binadamu, ambako watu wengi hudhani ubishi umekwisha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Pendekezo hilo lina mantiki: katika miezi mitatu ya kwanza, umri wa mimba hupatikana kwa makosa ya siku chache tu. Mwishoni mwa mimba, kosa hilo hufika wiki mbili hadi tatu. Ndiyo maana utakuta kadi ya kliniki yenye tarehe tatu tofauti za kujifungua, kila moja kutoka mashine tofauti, na mama hajui aamini ipi. Tarehe ya mapema ndiyo ya kushikwa. Shida ni kwamba wengi huanza kliniki mimba ikiwa imeshakua.

Lakini je, kumpiga kila mjamzito altrasaundi huokoa maisha? Utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2018, ulijaribu jambo hilo hasa. Vituo vya vijijini vilipewa mashine, wahudumu wakafunzwa, wenye matatizo wakapewa rufaa. Vifo vya mama na watoto havikupungua ikilinganishwa na maeneo yasiyopewa mashine. Hata wanaokwenda kujifungulia hospitalini hawakuongezeka, ingawa wengi walitarajia picha ya mtoto iwe chambo cha kuwaleta.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema mashine ni anasa. Mimi nadhani wanachanganya mambo mawili. Kumpima kila mtu ili kusaka tatizo ni kazi moja, na kumpima mwenye tatizo mlangoni ni kazi nyingine. Mwanamke anayeletwa usiku na maumivu ya tumbo, amepauka, mimba yake imetunga nje ya mfuko wa uzazi: weusi ulioenea tumboni pasipostahili ni damu, na dakika mbili za altrasaundi humpeleka chumba cha upasuaji. Utafiti ule haukumgusa mgonjwa huyu. Ila angalia: hata yeye anaokolewa kwa sababu chumba cha upasuaji kipo.

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ndiko hoja zote mbili zinakutana. Wafugaji wa huko wamesumbuliwa sana na ugonjwa wa haidatidi, unaotokana na tegu mdogo wa mbwa. Mayai yake yakimwingia mtu, hujenga vifuko vya maji, mara nyingi kwenye ini. Miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF lilizunguka na mashine ya kubebeka likiwapima watu makwao, na utafiti wa mwaka 1987 ulilinganisha njia hiyo na kipimo cha damu, altrasaundi ikashinda. Zaidi ya hayo, picha huonyesha kama kifuko kiko hai au kimeshakufa. Kilichokufa huachwa kikichunguzwa, na mtu anaepuka kisu. Wengine hutibiwa kwa albendazoli, dawa ya minyoo, au kwa sindano inayoongozwa na mashine hiyohiyo.

Lakini mashine haioni kifuko kilichozungukwa na hewa ya pafu. Ilipojaribiwa kwa mbuzi na kondoo ilikosa wengi walioambukizwa. Na mbwa, ambaye ndiye chanzo, hahitaji picha yoyote: anahitaji dawa ya minyoo kila baada ya wiki chache, na kutotupiwa viungo vibovu vya mnyama aliyechinjwa.

Kwa hiyo ningepewa mashine moja na wilaya moja, nisingeipeleka zahanati ya mbali zaidi ili ipigwe picha siku ya uzinduzi. Ningeiweka kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, benki ya damu na gari lenye mafuta, kisha ningeuliza mashine ya pili ingepatikana lini. Daktari wa mifugo wa Githunguri ningemwacha na yake. Sindano anayo tayari mfukoni.