Usiniombe dampu

Siku niliyopata matokeo ya Security+, mtihani wa usalama wa kompyuta unaotolewa na CompTIA, nilituma picha ya cheti kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa TEHAMA hapa Mwanza. Pongezi zilimiminika na ninazishukuru zote. Lakini jioni hiyo hiyo zikaanza kuingia meseji za pembeni, na karibu zote zilikuwa na maneno yale yale: "Kaka hongera sana. Una dampu?" Yaani maswali ya mtihani yaliyovuja, pamoja na majibu yake. Hakuna aliyeniuliza nilisoma nini, wala sura ipi ilinisumbua. Kijana mmoja alinitumia kurasa za mwanzo za PDF anayouziwa na mtu fulani, akaniomba nizipitie nimwambie kama ni maswali yenyewe, asije akatupa hela yake bure.

Nilimjibu kwa ukali. Sijutii ule ukali, ila kijana yule alistahili maelezo marefu kuliko meseji, na nadhani wapo wengi kama yeye. Ndiyo maana naandika.

Kwanza hilo la kuthibitisha. Kabla skrini haijakuonyesha swali hata moja, unakubali masharti kwamba hutatoa maswali nje. Nilikubali, na neno langu ni neno langu. CompTIA wakibaini umetumia maswali yaliyovuja wanaweza kufuta cheti chako, na jina lako likabaki na doa mbele ya watu ambao ungependa wakuajiri. Halafu zile kurasa nilizotumiwa zilikuwa za toleo la 601, ambalo liliondolewa Julai 2024. Uliochukua nafasi yake ni wa 701, uliotoka Novemba 2023. Huyo muuzaji anawauzia vijana wetu mtihani ambao haupo tena.

Hata hivyo, tuseme dampu ni jipya, kila swali ni lenyewe, na hakuna atakayekukamata. Bado nitakukatalia, na sababu yangu haihusu CompTIA hata kidogo.

Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini, jina nalihifadhi. Wanachama wake wengi ni wafanyabiashara wadogo: akina mama wa dagaa, mafundi, vijana wa bodaboda, walimu wachache. Asubuhi moja walifungua ofisi wakakuta mafaili hayafunguki, na kwenye kila kompyuta kuna tangazo la kudai malipo kwa Bitcoin. Kijana wao wa TEHAMA alikuwa na cheti, kimewekwa kwenye fremu, kimetundikwa juu ya meza yake. Nilipoitwa kusaidia, mambo yalikuwa yameshaharibika, na aliyeyaharibu zaidi ni yeye mwenyewe. Alizima kila kitu kwa haraka, akafomati seva, kisha akachukua diski ya nje yenye bakapu, bakapu pekee waliyokuwa nayo, akaichomeka kwenye kompyuta ambayo bado ilikuwa na kirusi. Nayo ikafungwa yote.

Nilikaa naye pembeni, tukiwa wawili tu, nikamuuliza hatua za kushughulikia tukio kama lile. Akanitajia zote kwa mpangilio wake: maandalizi, kugundua, kuchambua, kudhibiti lisisambae, kung'oa, kurejesha, kujifunza. Hakukosea hata moja. Nikamuuliza, basi kudhibiti lisisambae maana yake nini hapa, kwenye chumba hiki, kwenye hizi kompyuta? Akanyamaza. Baadaye aliniambia swali hilo lilikuwamo kwenye dampu na alilipata.

Sijawahi kuisahau ile sauti. Alikuwa na jibu sahihi kichwani wakati kompyuta zinaungua mbele yake, na jibu halikumsaidia kitu. Kudhibiti pale kulimaanisha kuchomoa waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi, kompyuta zenyewe ukiziacha zinawaka, maana yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hupotea umeme ukikatika, na mara nyingine ufunguo wenyewe uliotumika kufunga mafaili uko humo. Ilimaanisha kupiga picha skrini, kuandika saa, kunakili diski kabla ya kuigusa. Ilimaanisha kuuliza mdudu aliingilia wapi kabla ya kufikiria kurejesha chochote, kwa sababu ukirejesha huku mlango bado uko wazi umemrudishia chakula mezani. Na bakapu moja iliyo kwenye droo ya chumba hicho hicho haitoshi. Kanuni inayofundishwa kwenye somo hili ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na jengo. Yote haya yamo kwenye mtihani. Ila yamo kwa ajili ya mtu atakayeyafikiria, na aliyekariri kwamba swali fulani jibu lake ni C hajawahi kuyafikiria.

Ilibidi wale wanachama waitwe mmoja mmoja na vitabu vyao vya akiba na risiti, hesabu ziandikwe upya. Aliyekuwa ametunza kitabu alipona. Aliyepoteza kitabu alianza kubishana na ofisi juu ya fedha zake mwenyewe. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayomtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, lakini sheria haiwezi kukaa kwenye kile kiti na kuchomoa waya. Anayekaa pale ni mtu, na mtu yule aliaminiwa kwa sababu ya fremu.

Sisi watu wa ziwa hatupaswi kuelezwa sana habari ya karatasi na uhalisia. Septemba 2018, MV Nyerere ilizama ikiwa karibu kufika Ukara, tukazika zaidi ya watu 200. Kwenye karatasi kivuko kile kilikuwa cha abiria 101. Silinganishi roho za watu na mafaili ya kompyuta, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba katika mkoa huu hatuna haki ya kuichukulia kirahisi karatasi inayosema kitu ambacho hakipo.

Najua mtakachosema: mtihani ni ghali. Ndiyo, ni ghali. Vocha ya mtihani ni mamia ya dola, na ukifeli unalipa upya yote, hakuna nusu bei ya kukuonea huruma. Kwa kijana wa Igoma au Buhongwa anayetengeneza simu ili apate kodi, hizo ni hela za miezi mingi. Namwelewa anayeogopa kuzipoteza. Na mtihani haupo kwa Kiswahili, wengi wetu tunaufanya kwa Kiingereza. Hayo nayakubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu kila mara yanatumika kuhalalisha kisichohalalika. Gharama kubwa ni sababu ya kusoma zaidi kabla ya kulipa. Kama kuna chuo au mwajiri anayesoma hapa na anataka vijana waache dampu, amlipie vocha ya pili aliyesoma kwa haki akakosa alama chache. Hiyo ingefanya kazi kuliko semina kumi za maadili.

Sasa, nilisomaje? Kila aliyeniomba dampu nilitamani aniulize hili.

Nilianza na orodha ya malengo ya mtihani, ambayo CompTIA wenyewe wanaitoa bure kwenye tovuti yao. Imegawanywa sehemu tano na kila sehemu ina uzito wake: uendeshaji wa usalama asilimia 28, vitisho na udhaifu 22, usimamizi na uangalizi 20, usanifu 18, dhana za jumla 12. Niliichapisha pale stendi ya zamani, nikawa napiga mstari kwa penseli kwenye kitu ninachoweza kumweleza mtu mwingine bila kutazama. Nisipoweza kukieleza, sipigi mstari. Video za kufundisha ziko tele bure. Nilizipakua usiku kwa bando la usiku, mchana nikatazama.

Kilichonibadilisha hasa ni laptopu ya zamani niliyoigeuza maabara. VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ni bure; Wireshark, ya kutazama kinachopita kwenye mtandao, nayo ni bure. Niliweka mashine mbili zinazungumza, nikaingia kwenye moja kutoka nyingine kwa Telnet, njia ya zamani isiyoficha kitu, na nikaona neno langu la siri likipita kwenye skrini ya Wireshark herufi kwa herufi, kila mtu aliye kwenye mtandao ule angelisoma. Nikarudia kwa SSH, njia inayoficha mawasiliano, nikaona vurugu tupu. Tangu usiku ule hakuna anayehitaji kunikumbusha kwa nini poti 23, mlango wa Telnet, ifungwe na 22, mlango wa SSH, itumike. Vivyo hivyo poti 445. Aliyekariri anajua ni ya SMB, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili, basi. Aliyesoma anajua kwamba Microsoft walitoa kiraka cha kuziba udhaifu wake Machi 2017, na Mei 12 mwaka ule WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili, ikapitia humo humo ikaangusha hospitali za Uingereza, kwa sababu wengi hawakuwa wameweka kile kiraka miezi miwili mizima. Huyo wa pili ukimpa kompyuta za ofisi yako atakuuliza zimesasishwa lini.

Sura ya ulaghai niliielewa mwaloni Kirumba, na wala sikwenda huko kusoma. Mama mdogo wangu anauza dagaa pale. Nilimuuliza ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inawapataje watu wenye akili zao, maana yeye na wenzake wanazidi watu wengi kwa hesabu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi kila siku nasubiri namba ya mtu. Mzigo ukienda Kongo kuna dereva, kuna wakala, kuna wa mpakani, kila mmoja na namba yake. Ikija namba nitashtukaje?" Mtihani una orodha ndefu ya mbinu hizi, haraka, mamlaka, kujifanya mtu unayemfahamu, na kitabu kinazieleza kwa mifano ya kampuni za Marekani. Mimi nilipofika kwenye maswali yale nilimwona mama mdogo na simu yake. Nilimfundisha kutuma namba za matapeli kwenda 15040, na kuangalia kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tulikuta laini asiyoijua. Tulikwenda kuifuta.

Siku ya mtihani wenyewe sina mengi. Maswali hayazidi 90 na muda ni dakika 90, alama ya kufaulu 750 kwenye kipimo kinachoanzia 100 hadi 900. Maswali ya vitendo yakikujia mwanzoni na yakakushika koo, yaruke urudi mwishoni. Wengi hupoteza dakika 20 hapo na kuanza kutetemeka. Jina la kwenye usajili lilingane na la kwenye kitambulisho, hasa nyinyi ambao NIDA ina herufi moja tofauti na pasipoti. Ukifanyia nyumbani, omba Mungu umeme usikatike, na funga mlango kwa ufunguo.

Kuna mdogo wangu mwingine aliyeniambia anataka dampu la CISSP, cheti cha ngazi ya juu cha ISC2, moja kwa moja, aachane na haya madogo. ISC2 wanataka miaka 5 ya kazi yenye malipo na mwanachama wao wa kukudhamini. Hakuna PDF inayouza miaka mitano.

Na nyinyi mnaoajiri, mna sehemu yenu. Mnatazama cheti, mnauliza "una uzoefu wa miaka mingapi," mnamaliza. Mkalisheni kijana mbele ya kompyuta. Mpeni ukurasa mmoja wa kumbukumbu za seva wenye mtu aliyejaribu kuingia mara mia nne usiku wa manane na mara ya mia nne na moja akafaulu, mwulizeni ameona nini na atafanya nini kwanza. Kijana wa kile chama cha akiba angeshindwa pale pale, na pengine angerudi kusoma, na leo angekuwa fundi mzuri. Ana akili. Hakuna aliyemdai aitumie.

Yule aliyenitumia kurasa za PDF ameshanipigia. Jumamosi anakuja kwangu Nyegezi na laptopu yake, tunaanza na Wireshark. Wengine mnaotaka kuja, nafasi ipo na mkeka upo. Njooni na chaja, na muwe mmepakua VirtualBox kabla, kwa sababu intaneti ya kwangu mchana ni ya kusuasua.