Usianze na jina: kutafuta asili ya familia za Tabora na Kigoma mtandaoni

Watu wengi wa Tabora na Kigoma wanaotaka kujua asili yao huanza kwa njia moja. Wanafungua tovuti kubwa ya nasaba, wanaandika jina lao la mwisho, wanabonyeza kutafuta. Wanaletewa Waingereza na Wamarekani, basi wanakata tamaa wakiamini kwamba habari za wazee wao hazikuandikwa popote. Ziliandikwa, na nyingi zinasomeka bure. Kilichowaangusha ni kuanza na jina.

Tovuti hizo zilitengenezwa kwa watu ambao jina la ukoo hurithiwa kizazi hadi kizazi. Kwetu jina la tatu ni la babu, na mjukuu akizaa linaachwa. Isitoshe, Mnyamwezi aliyezaliwa mwaka 1900 hivi anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilojipatia kwenye upagazi, na jina la ubatizo au la Kiislamu. Utamtafuta kwa lipi? Kwa hiyo nasema: tafuta kwanza mahali, kisha taasisi iliyokuwapo hapo, jina la mtu lije mwisho. Na usilipie uanachama wowote mapema. FamilySearch, tovuti ya nasaba inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni ya bure, unafungua akaunti tu. Ukiingia humo, achana na kisanduku cha majina. Nenda kwenye katalogi utafute kwa mahali.

Mahali penyewe utapajua kwa wazee. Ukishaamkia, usimwulize bibi kwamba mzee fulani alizaliwa mwaka gani. Uliza alikuwa chini ya mtemi yupi, au kwa Waha, kama alikuwa wa Heru, Muhambwe au Buyungu. Uliza alisali wapi, na kama aliwahi kwenda manamba kwenye mkonge. Umri pima kwa matukio: reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914; Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Bibi akikwambia mama yake alikuwa bado anabebwa mgongoni treni ya kwanza ilipoingia Kigoma, umeshapata mwaka wa kuzaliwa: 1912 au 1913. Halafu uliza mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, yako wapi. Wakati wa Waingereza watu walihamishwa kwa ajili ya malale, na miaka ya 1970 wakahamishwa tena kwa Operesheni Vijiji, kwa hiyo kijiji kilichoandikwa kwenye kitambulisho cha baba huenda babu yake hakukijua kabisa.

Sasa andika jina la mahali kama mgeni wa zamani alivyolisikia. Hapa ndipo utafutaji mwingi unapokufa. Mjerumani aliandika j penye y, dj penye j, sch penye sh, s penye z: Unjamwesi, Unjanjembe, Udjidji, Uschirombo. Mfaransa aliweka ou penye u: Oudjidji, Ounyanyembe. Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921, kwa hiyo jaribu pia Buha (nchi ya Waha) na Baha (Waha wenyewe). Kuna mtego mwingine kwenye vitabu vya Kijerumani vilivyopigwa chapa kwa herufi za kale: s yao ndefu inafanana na f, na mashine inayogeuza picha kuwa maandishi hukosea, ikakupa Unjamwefi. Itafute hivyo hivyo ilivyokosewa, utaona kurasa ambazo wengine hawazioni.

Kwa vitabu vya wasafiri na wamisionari, Internet Archive, ambayo ni maktaba ya bure ya mtandaoni, na Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa zinatosha kwa kuanzia. Kuokoa bando, Internet Archive fungua kwanza maandishi matupu ya kitabu, ambayo ni mepesi, utafute humo. PDF, ambayo huwa nzito, pakua ukiwa na hakika. Mafaili ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yako Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, kundi R 1001, na yameshawekwa mtandaoni. Picha za wamisionari wa Kanisa la Moravian wa Unyamwezi zimo kwenye hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Urambo ina upekee wake: misheni ilianzishwa na London Missionary Society, kisha Wamoravian wakaichukua 1898, kwa hiyo karatasi za awali ziko SOAS, chuo kilichopo London, na za baadaye kwenye nyaraka za Wamoravian huko Herrnhut, Ujerumani.

Kwa waliokufa wakiwa wapagazi wa jeshi katika vita ya 1914 hadi 1918, usitegemee sana orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wengi wao hawakuandikwa majina, na tume inayotunza makaburi hayo ilikiri hivyo mwaka 2021. Inauma, lakini ni heri ujue kabla hujamaliza wiki ukitafuta. Na mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ni wa kuomba na kuhakiki vyeti. Haukuwekwa kwa ajili ya kutafuta mababu.

Hati yenye thamani kuliko zote, kwa familia za Kikatoliki, ni daftari la ubatizo, na kwa kawaida halipo mtandaoni. Mstari mmoja una namba, tarehe, jina, baba, mama, msimamizi na padre, mara nyingi kwa Kilatini: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike. Tazama sana pembeni. Sheria ya Kanisa inataka parokia iliyofungisha ndoa iiarifu parokia ya ubatizo, kwa hiyo bibi aliyebatizwa Ndala akaolewa mbali anaweza kuonekana hapo pamoja na jina la mume. Tatizo la kawaida ni kuuliza parokia mpya, wakati daftari limebaki parokia mama. Mtandao unakusaidia kujua mama ni ipi: kwa Tabora kabla ya 1925, tafuta vikarieti (eneo la Kanisa ambalo bado halijawa jimbo) ya Unyanyembe; kwa Kigoma kabla ya 1946, tafuta vikarieti ya Tanganyika, yaani ya Karema. Ukimwandikia paroko, taja jina la ubatizo, la baba na la mama, kigango, na mwaka wa kukisia, ukiongeza mitano mbele na mitano nyuma.

Picha za vyeti zikitumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, zitumwe kama dokumenti, maana zikienda kama picha ya kawaida zinabanwa na mwandiko wa pembeni hausomeki. Mti wa FamilySearch ni wa wote, na mtu yeyote anaweza kubadilisha habari za marehemu, kwa hiyo kila jina liambatanishe na picha ya ushahidi. Walio hai usiwatangaze bila ridhaa yao: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na penye mirathi isiyoisha, orodha ya watoto wa marehemu ikiwekwa hadharani inaweza kuwasha ugomvi kabla kikao cha ukoo hakijakaa.