Huo urembo wa zamani sio feki, geuza nyuma uone

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam, nimechutama mbele ya turubai la dada mmoja anayeuza mikanda na mikoba ya mtumba, na pembeni ana beseni lake la plastiki ambalo anatupia kila kitu kinachobaki ndani ya mikoba, cheni zimesokotana kama uzi wa nyavu, hereni moja moja zisizo na mwenzake, vifungo, saa zisizotembea. Nikachomoa bruchi moja, ile pini ya kubandika kifuani, ina umbo la jani na vijiwe vya kijani na vyeupe, nikaigeuza nyuma. Yule dada akaniangalia akasema, "Dada'angu hiyo feki tu, nipe buku mbili uende nayo." Nikampa buku mbili yake. Lakini lile neno feki limenikaa rohoni wiki nzima na ndo maana naandika.

Naelewa linatoka wapi. Sisi tumelelewa kwamba pambo lina thamani kwa gramu, mama anakununulia bangili ya dhahabu kwa sababu ni akiba, siku ya shida inapelekwa kwa sonara, inawekwa kwenye mzani, pesa inatoka. Kwa hesabu hiyo kitu ambacho sonara hawezi kukipima hakina maana, ni feki. Sasa mi nasema hiyo hesabu ni sahihi kwa dhahabu na sio sahihi kwa kila kitu. Hatupimi kanga ya zamani ya bibi kwa kilo ya pamba, tunaangalia rangi yake, jina lake, mwaka wake. Feki ni kitu kinachojifanya kingine ili kukuibia. Urembo huu haukujifanya, ulitengenezwa wazi kabisa kwa vioo na madini ya bei rahisi, ukauzwa hivyo hivyo, na waliouvaa walijua wamevaa nini.

Na sio kwamba walikosa dhahabu. Mwaka 1953 Mamie Eisenhower, mke wa rais wa Marekani, alivaa kwenye dansi ya kuapishwa mumewe lulu za kuiga za kampuni ya Trifari ya New York. Mke wa rais jamani, usiku ambao nchi nzima inamtazama. Aliyezibuni ni Alfred Philippe, mtu ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya vito halisi vilivyouzwa na Van Cleef & Arpels, akaingia Trifari mwaka 1930 akakaa mpaka 1968, na alichokifanya ni kuchukua ufundi ule ule wa almasi akauweka kwenye kijiwe cha kioo. Ukishika kazi yake mkononi unaona, kila kijiwe kimekaa kwenye kitako chake, kimeshikwa na meno madogo, hakijabandikwa na gundi.

Ndo maana mi kitu cha kwanza nageuza nyuma. Mbele panakuvutia, nyuma ndo panakuambia ukweli. Angalia kwanza sindano ya bruchi inafungwaje, kama ni ndoano tupu ya herufi C haina kitu cha kuizuia isichomoke, na sindano imepita ukingo wa pambo, mara nyingi hiyo ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 au nyuma zaidi, na kama ina kile kifungo kidogo kinachozunguka kufunga mdomo basi ni ya baadaye. Alafu tafuta maandishi, na usitafute kwa macho matupu, nenda na lensi hata ile ya bei rahisi ya kusomea. Kwa Trifari utaona taji dogo juu ya herufi T. Sasa angalia kama pembeni ya jina kuna ile alama ya hakimiliki, herufi c ndani ya duara, manake Trifari waliishtaki kampuni nyingine kwa kuwaigia mitindo, na mwaka 1955 mahakama ya New York ikakubali kwamba urembo wa aina hii nao ni kazi ya sanaa unaweza kulindwa, na kuanzia hapo viwanda vikaanza kugonga hiyo alama. Kwahiyo ukiiona, kwa kawaida ni ya 1955 kuja huku, na jina bila alama mara nyingi ni ya nyuma ya hapo. Mi hii kitu huwa inanifurahisha sana, kwamba kesi moja imeacha alama kwenye mgongo wa pini iliyokuja kuangukia kwenye beseni Ilala.

Na vita nayo imeacha alama. Kuanzia mwaka 1942 serikali ya Marekani ilibana madini kama bati yaende kwenye silaha, mafundi wa urembo wakakosa malighafi yao ya kawaida wakahamia kwenye fedha halisi, wakaipaka dhahabu juu. Ukikuta neno Sterling nyuma ya pambo kubwa zito la mtindo wa miaka ya 1940 usilirudishe kwenye beseni, hilo ni fedha kweli, na hapo hata sonara wako atakubali.

Mbele nako kuna ya kusoma. Vile vijiwe vinavyong'aa rangi rangi kama mafuta ya taa juu ya maji, vinaitwa Aurora Borealis, ni rangi iliyotolewa na Swarovski, watengeneza vijiwe vya kioo wa Austria, pamoja na nyumba ya mitindo ya Dior katikati ya miaka ya 1950, kwahiyo mtu akikuambia pambo lenye vijiwe hivyo ni la miaka ya 1920 mwambie hapana. Lulu za kioo ni nzito na za baridi ukizishika, za plastiki ni nyepesi, na ukichungulia kwenye tundu la uzi la ile ya kioo utaona ganda limeanza kumenyuka na chini yake kuna kioo. Bangili nene za rangi ya haradali au kijani kilichoiva, zipitishe kwenye maji ya moto sekunde chache alafu unuse, kama ni Bakelite (plastiki iliyogunduliwa na Leo Baekeland mwaka 1907) utasikia harufu kali ya dawa kama ya maabara, huwezi kuichanganya na kitu kingine.

Ila maji hayo ni kwa bangili tu. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu mwenyewe niliumia. Vijiwe vingi vya kioo vina rangi ya fedha mgongoni, kama ile ya nyuma ya kioo cha kujitazamia, ndo inayorudisha mwanga. Miaka mitatu nyuma nilinunua mkufu mzuri sana, mchafu, nikaulaza kwenye maji ya sabuni usiku kucha nikiamini nausafisha, asubuhi vijiwe kumi na moja vimekuwa vya kijivu, vimekufa. Maji yakishaingia nyuma ya kijiwe basi, hakirudi. Toka siku ile nasafisha kwa brashi laini kavu tu, na ile kutu ya kijani inayotoka kwenye shaba naiondoa kwa njiti ya pamba iliyoguswa siki kidogo, tena mbali na vijiwe na lulu, alafu naikausha hapo hapo. Na pambo lenye kutu hiyo usiliweke sanduku moja na mengine.

Kitu kingine cha kwetu hapa. Sisi watoto wa kike wengi wetu tunatobolewa masikio tukiwa wachanga, kwahiyo kwenye masoko yetu hereni za kubana hakuna anayezitaka, zinabaki chini ya beseni, wauzaji wanakupa nyongeza. Kumbe huko zilikotoka, kwa miaka mingi wanawake wengi hawakutoboa, na mafundi wazuri kabisa waliweka nguvu zao kwenye hereni za skrubu na kuanzia miaka ya 1930 kwenye za kubana. Yaani kazi bora ndo hizo tunazozikanyaga. Mi ninazo jozi 26 sasa na sidhani kuna jozi niliyonunua zaidi ya elfu tatu.

Sasa suala la majina, na hapa najua kuna watu watanipinga. Naona wenzangu wameanza kukusanya na kitu pekee wanachouliza ni "imeandikwa nani?" Hapana. Miriam Haskell alifungua duka lake la urembo New York mwaka 1926 na kazi zake za miaka ya mwanzo hazina jina popote, unazitambua kwa jinsi kila ushanga ulivyofungwa kwa waya mwembamba kwa mkono kwenye bamba lenye vitundu. Kiwanda cha DeLizza & Elster kilitengeneza vitu vya kutisha kwa uzuri, vingine vikauzwa kwa jina la Juliana kwenye lebo ya karatasi tu, lebo ikatupwa siku ya kwanza, jina likaenda. Na kwa upande mwingine majina ya watengenezaji wa zamani kama Weiss na Eisenberg yamegongwa na watu wengine kwenye bidhaa mpya za hovyo, vijiwe vya gundi, mgongo wa vidoti vidoti, jina safi kabisa. Hiyo sasa ndo feki, na ina jina! Anayenunua jina peke yake atalipia feki na kuacha kazi halisi kwenye beseni.

Narudi kwenye jani langu la buku mbili. Halina jina, nimetafuta kwa lensi mpaka macho yakauma. Mgongo umesuguliwa laini mpaka kwenye pembe ambazo hakuna mtu angeziona, kifungo ni cha kuzunguka na bado kinabana, vijiwe vyeupe vitatu ni Aurora Borealis kwahiyo ni katikati ya miaka ya 1950 au baadaye, vya kijani 18 vyote kwenye meno. Vilikuwa 19. Kimoja kimetoka karibu na kikonyo, kitako chake kiko wazi kinang'aa ndani, nimekipima ni milimita 4. Nimeshapekua mifuko miwili ya hereni zangu za kuchukulia vipuri sijapata kijani hicho, kimekaa kama chupa ya bia ila kina giza kidogo. Jumamosi nikirudi Karume namchukulia yule dada hereni zote za kijani alizonazo, hata zilizovunjika.