Jicho la pili kabla ya ukurasa kuchapishwa

Timu nyingi za sayansi ya data sasa zina tovuti yao, na kurasa zake zote hukaa katika ripozitori moja ya Git, yaani hifadhi ya mafaili inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko: mwongozo wa wafanyakazi wapya, maelezo ya vigezo, ripoti zilizoandikwa kwa Quarto au Jupyter, zana zinazoweka maandishi, msimbo na matokeo yake pamoja. Anayetaka kuchangia hufungua tawi lake, yaani nakala ya pembeni, huandika, kisha hutuma ombi la kuiunganisha na kurasa kuu. Mwenzake husoma, hukubali au hurudisha. Utaratibu huu unalalamikiwa sana, na wanaolalamika wana hoja.

Anayeijua data kuliko wote mara nyingi si mwandishi wa msimbo. Ni mtakwimu aliyezunguka vijijini na madodoso, anayekumbuka ni wilaya gani umri wa watoto ulijazwa kwa miezi badala ya miaka. Mwambie asakinishe Git na ajifunze kutatua migongano ya mafaili, naye atakuandikia barua pepe. Maarifa yake yataishia humo. Tena kuna kungoja: herufi moja iliyokosewa hukaa siku tatu kwa sababu mhakiki yuko safarini. Ndiyo maana wengine wanataka kila mtu ahariri moja kwa moja, makosa yasahihishwe baadaye. Wikipedia imeendeshwa hivyo tangu 2001 na imesimama. Lakini Wikipedia ina wasomaji wasiohesabika wanaoyaona makosa. Timu ya watu sita, ukurasa wake unaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kuufungua.

Lisiloeleweka, naona, ni kazi hasa ya mhakiki. Watu hudhani yupo kusahihisha lugha. Angekuwa wa lugha tu, ningekuwa wa kwanza kuomba aondolewe.

Tazama daftari la Jupyter. Faili lake halibebi msimbo pekee. Hubeba na matokeo yaliyotokea mara ya mwisho msimbo ulipoendeshwa. Mchambuzi anaomba kuona safu mlalo tano za kwanza za jedwali, ajiridhishe kwamba limesomeka vizuri, kisha anaendelea na kazi. Safu hizo tano, zenye majina ya wagonjwa na namba zao za simu, zimeshaingia ndani ya faili. Quarto nayo inaweza kuhifadhi matokeo ya hesabu katika folda ya _freeze, ambayo hupelekwa kwenye ripozitori pamoja na kurasa. Na chati zile zinazoonyesha thamani unapopitisha kishale juu yake huzipata kutoka ndani ya ukurasa wenyewe. Atakayefungua msimbo wa ukurasa ataziona, hata kama machoni kulikuwa na nukta tu.

Kisha Git haisahau. Ukilifuta jedwali leo, hatua iliyohifadhiwa jana bado inalo. Kuliondoa kweli ni kuandika upya historia yote, halafu kumwomba kila aliyenakili ripozitori afute nakala yake, ukiamini kwamba atafanya hivyo. Hapa ndipo hoja ya kusahihisha baadaye inaponishinda kabisa, kwa sababu jina la mgonjwa likishasomwa halisahihishiki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hakuna kati yake inayomchukulia mtu huyo kama kosa la uandishi.

Wapo watakaosema ripozitori ifungwe tu, umma usiione, yaishe. Mwaka 2016 wadukuzi walikuta funguo za hifadhi ya data ya Uber katika ripozitori ya faragha ya GitHub, tovuti inayohifadhi ripozitori za Git, wakachukua taarifa za watu milioni 57. Wengine watasema kazi hii ipewe programu. Ipewe, naam: nbstripout huondoa matokeo kwenye madaftari, na GitHub hutambua funguo nyingi kwa umbo lake. Ila programu haijui kwamba katika kijiji fulani mjane mwenye watoto saba ni mmoja tu, na kwamba jedwali lisilo na jina lolote limeshamtaja.

Hoja moja ya wapinzani lazima ikubaliwe bila kupunguzwa. Kama ripozitori iko wazi kwa umma, ombi la kuunganisha huonekana na wote tangu linapotumwa, kwa hiyo mhakiki anafika amechelewa. Uhakiki una maana pale ripozitori ilipofungwa na tovuti ndiyo iliyo wazi, au pale mwandishi anapomwonyesha mwenzake kabla ya kutuma.

Basi kurasa za maneno tu, zisizo na data, zipite haraka. GitHub ina kitufe cha kalamu kinachomwezesha mtu kuhariri ndani ya kivinjari, nayo ikamfungulia tawi yenyewe. Mwongozo wa likizo hauhitaji zaidi ya hapo, na ukubaliwe siku hiyohiyo. Ukurasa wowote uliotokana na hesabu ya data za watu usubiri. Na anayeusubirisha awe yule mtakwimu wa madodoso. Kusoma na kuacha maoni hakumtaki asakinishe chochote, na jina la akaunti yake linaweza kuandikwa katika faili la CODEOWNERS, linalotaja wenye dhamana ya kila folda, mbele ya folda ya ripoti, kisha tawi kuu likawekewa sharti la idhini, ili ripoti isiingie kabla hajaikubali. Mjane yule, yeye alikaa naye barazani akijaza dodoso.