Friji langu na gesi ya Lindi

Jamani mimi sijasomea gesi ila nina friji la kugandishia barafu za ubuyu, na lile friji limenifundisha mengi. Uniti nanunua leo, keshokutwa mita inapiga kelele kama inanidai, barafu nauza mia mbili, halafu yule mama wa genge la samaki mtaa wa pili anauza mia na bado anawapa watoto nyongeza!! Nikasema huyu ana mganga. Kumbe friji lake linawaka kwa ajili ya samaki, samaki ndio wanalipa umeme, barafu kwake ni cha juu tu.

Sasa mpwa wangu kaja likizo, anasoma jiolojia, nikamuuliza hii LNG ya Likong'o kule Lindi, yaani kiwanda cha kugeuza gesi asilia iwe maji ipande meli, mbona inasainiwa tu haijengwi. Akasema "Anko, ni zile zile barafu zako." Eti Qatar gesi yao inatoka pamoja na mafuta mepesi, wanayauza pembeni yanarudisha gharama, kwa hiyo hata bei ya gesi ikishuka wao wanacheka tu. Yetu kavu, haina mafuta hayo, yaani haina samaki. Tena iko kama kilomita 100 huko baharini, nyingine chini ya maji ya kina cha zaidi ya kilomita 2, uivute mpaka pwani, uisafishe, ndio uipoze mpaka nyuzi hasi 162 igeuke maji, ujazo upungue mara 600 ndio ipande meli. Hasi 162! Mimi hasi 18 tu inanitoa jasho, huko uniti ananunua nani? Akaniambia mradi mzima unatajwa dola bilioni 42. Nikaomba maji ya kunywa.

Na mnunuzi wa Japani hajali kwamba tuna futi za ujazo trilioni 57, yeye anauliza inamfikia kwa bei gani basi, kama hawa watoto wa mtaani kwangu. Wenzetu Msumbiji kiwanda chao cha kuelea cha Coral Sul kilipakia meli ya kwanza 2022, mwaka ambao sisi tulikuwa Dodoma tunasaini mkataba wa awali.

Mnajua kwa nini inaniuma? 2014 niliuza pikipiki, nikanunua kiwanja Lindi nijenge gesti ya vyumba kumi, mainjinia walale kwangu. Msingi ukafika usawa wa goti hela ikakata. Wife kapanda mihogo mle ndani, kila chumba na shina zake. Namwambia mama watoto subiri kidogo, bado wanapiga hesabu za gharama. Akanitazama tu, akaendelea kupepea mkaa, maana na mtungi wenyewe umeisha (na usinitajie gesi yetu, ya mtungi ni nyingine kabisa, inatoka nje, hilo nalo mpwa kanisahihisha mbele ya watu).

Jana kachimba mapokezi yote. Tumekula na kachumbari.