Ukitaka kuwa mchunguzi wa kompyuta, anza na daftari

"Shikamoo kaka. Nimemaliza diploma ya tehama, nataka kuingia kwenye uchunguzi wa kidijitali. Ninunue programu gani?" Ujumbe wa namna hii huwa naupata mara kwa mara, na jibu langu halijabadilika: usinunue programu yoyote kwa sasa. Nunua daftari.

Vijana wengi wanadhani kazi hii ni ndugu wa udukuzi. Sivyo. Kazi yenyewe ni kusimama kizimbani na kumwonyesha hakimu kwamba kilichomo kwenye diski leo ndicho kilichokuwemo siku ilipochukuliwa, na kwamba kila aliyeishika katikati anajulikana. Usipoweza hilo, kuyafufua mafaili yaliyofutwa hakutamsaidia mtu.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja, mhasibu akituhumiwa kufuta mafaili ya malipo. Nilipofika, kompyuta yake ilikuwa imewashwa siku tatu, na watu wasiopungua watatu walikuwa "wameangalia tu". Lakini Windows ikiwaka tu inaandika: kumbukumbu za mfumo zinaongezeka, mafaili ya muda yanazaliwa, tarehe zinabadilika. Na diski ilikuwa ya SSD, ambayo inaweza kuyasafisha yaliyofutwa yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Niliona dalili, ila sikuweza kuapa ni mkono wa nani. Mpaka leo sijui kama yule mama alikuwa na hatia au alionewa, na bado linaniuma.

Kwa hiyo chukua flashi yako ya zamani, hata ya GB 4. Weka picha chache, futa baadhi, kisha tengeneza nakala ya kila biti kwa programu ya FTK Imager, au kwa amri ya dd kama unatumia Linux. Piga hesabu ya hashi ya nakala hiyo, yaani namba inayoitambulisha kama alama ya kidole, uifungue kwa Autopsy, programu ya kuchambua diski. Zote ni bure. Ukimaliza hapo, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeweka mtandaoni nakala za diski za kufanyia mazoezi. Kila hatua iandike: saa, chombo, toleo la programu, namba ya hashi. Simu ya mchumba wako usiiguse bila ridhaa yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini, na hakuna hakimu atakayekubali kwamba ulikuwa unajifunza.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havikufundishi: saa yetu. WhatsApp kwenye Android huhifadhi muda wa ujumbe kwa milisekunde zinazohesabiwa tangu Januari 1, 1970, kwa saa za UTC, yaani saa rejea ya dunia nzima. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Shahidi anasema ujumbe uliingia saa nne usiku, simu yenyewe inaonyesha 22:00, na programu yako, usipoirekebisha, inachapa 19:00. Wakili wa utetezi ataisoma hiyo 19:00 kama saa moja usiku, aulize: nani mwongo, shahidi au mtaalamu? Tangu nilipoona ripoti ya kijana mmoja hodari ikivurugwa hivyo, ukurasa wa kwanza wa ripoti zangu unaeleza saa zote tatu.

Wapo wanaonitajia kisa cha Dennis Rader, muuaji wa Wichita, Marekani, aliyekamatwa mwaka 2005 baada ya kuwatumia polisi diski ya flopi. Ndani yake kulikuwa na faili lililofutwa, likiwa bado na jina la kanisa lake na jina "Dennis". Ni kweli, lakini polisi hawakuishia hapo. Walitafuta vinasaba vya binti yake, wakavilinganisha na vya eneo la mauaji, ndipo wakamkamata. Flopi iliwaonyesha mlango tu.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Jizoeze basi kueleza hashi kwa Kiswahili mpaka mama yako aelewe. Mimi husema ni dole gumba la faili: ondoa koma moja tu, alama yote inabadilika.

Siku moja niliposema hivyo mahakamani, hakimu aliweka kalamu chini akauliza: "Mafaili mawili tofauti yanaweza kuwa na dole gumba moja?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mheshimiwa, kwa MD5, njia ya zamani ya kupiga hashi, watafiti waliweza kuyatengeneza makusudi tangu 2004. Ndiyo maana nilipiga na SHA-256, njia iliyo imara zaidi, siku ileile." Akaomba kuona. Nikafungua daftari, ukurasa wa siku ile, namba zote mbili zikiwa zimeandikwa kwa kalamu na saa pembeni.