Ufa wa ekzosi hauanzii kwenye ekzosi

Mara ya kwanza ekzosi ya kwadi yangu, pikipiki ya magurudumu manne, ilipopasuka, nilipeleka ikachomelewe. Mara ya pili nikairudisha kulekule, na safari hii ufa ulikuwa sentimita mbili tu kando ya ule wa kwanza. Mara ya tatu nilikuwa tayari kwenda kugombana na fundi, mpaka nilipoinama nikatazama vizuri. Mshono wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichopasuka ni bomba lenyewe, pembeni ya mshono, na aliyekuwa akilipasua ni mimi.

Tunaokimbiza kwadi kwenye matope na mawe tuna ugonjwa mmoja: bomba likipasuka tunauliza nani anachomelea vizuri. Sisikii mtu akiuliza ni nini kinalivuta. Bomba mbele limefungwa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, nyuma sailensa imening'inia kwenye fremu. Injini inatetemeka kivyake, fremu inanepa kivyake kila ukiruka na kutua, na katikati ya ugomvi huo bomba linatanuka kwa joto na kunywea likipoa. Mzigo huo linaweza kuubeba kwa miaka. Lisichoweza ni kuubeba huku limefungwa kwa nguvu.

Kujua kama limefungwa kwa nguvu ni kazi ya dakika kumi. Legeza kila kitu, mbele hadi nyuma, uliache bomba lijikalie linavyotaka. Kisha tazama kama tundu la kishikizo cha sailensa linakutana na tundu la fremu bila wewe kusukuma. La kwangu lilikuwa limepishana kwa upana wa kidole kidogo. Miezi yote hiyo nilikuwa nalivuta kwa bolti mpaka linakubali, najiona fundi. Sababu? Msimu uliotangulia nilibiruka na kutua na upande wa nyuma. Nikabadilisha usukani na madigadi, fremu ya nyuma sikuitazama hata kwa jicho moja. Ilikuwa imepinda.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu, na siupindi hata nikiwa na haraka. Gasketi ya pale bomba linapoingia kwenye hedi inakuwa mpya kila bomba linapotoka; ile ya zamani imeshabanwa, haitaziba tena sawasawa. Nati zinazofunga bomba kwenye hedi nazishika kwa vidole tu. Bolti zote za vishikizo naziingiza zikiwa legelege. Hapo ndipo naanza kukaza, hedi kwanza, nati hii kidogo na ile kidogo, halafu naelekea nyuma. Raba za vishikizo zikiwa zimekauka au zimechanika natupa, maana kazi ya raba ni kumeza mtetemo, na raba iliyokufa inaupeleka wote kwenye bomba. Nikishaendesha mara moja na injini ikapoa, narudia kukaza.

Kuchomelea bado kuna nafasi yake, ila kufanywe vizuri. Toboa tundu dogo, milimita 3 hivi, kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa chini ya mshono. Safisha mpaka chuma king'ae. Bomba la stenlesi linataka gesi ya argoni ndani pia, la sivyo upande wa ndani wa mshono unaungua na kuwa chengachenga kama sukari. La titani ndilo halina mzaha kabisa kwa gesi hiyo. Na usifute mafuta kwa dawa ya kusafishia breki halafu ukachomelea: zile zenye klorini zikikutana na joto la kuchomelea hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Nimeshaona watu wanashika chupa hiyo huku mashine ya kuchomelea imewashwa. Bomba nalo litoke kwenye kwadi kwanza, usije ukaunguza kompyuta ya injini kwa umeme wa kuchomelea.

Wenye injini za mipigo miwili, kama Yamaha Banshee na mabomba yake mawili, wana shida nyingine: kubonyea. Kwao umbo la bomba ni sehemu ya injini. Wimbi la shinikizo hugonga mwisho wa tumbo la bomba na kurudi, likisukuma ndani ya silinda hewa na mafuta yaliyotaka kutoroka. Bonyeo karibu na silinda, ambako bomba ni jembamba, linaudhi kuliko bonyeo lilelile tumboni. Kuna wanaoziba ncha zote, wanajaza upepo na kupasha moto mpaka chuma kinachomoza chenyewe. Inafanya kazi. Lakini kizibo kikichomoka kinaruka kama risasi, kwa hiyo mimi hiyo namwachia mwenye vifaa vyake.

Kuhusu kuzungushia bomba kitambaa cha joto, wengi hatutakubaliana. Kinapunguza joto mguuni, sawa. Ila kwenye matope kinakaa na maji, kinafuga kutu, na kinaficha ufa mpaka siku bomba linapokatika. Nakubali kuvaa buti nene.

Pamba ya ndani ya sailensa, ile inayomeza mlio, ibadilishwe kabla mlio haujawa mkali, basi. Na bomba lisimwagiwe maji likiwa la moto.

Juzi, kabla ya kuosha, nilimulika tochi pale bomba linapoingia kwenye hedi. Palikuwa na mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama uzi. Nikakumbuka kwamba siku mbili zilizopita lilikuwa linapigapiga kila nikiachia mafuta, nami nikasingizia petroli. Nati moja ilikuwa imelegea, haikufika hata nusu mzunguko. Nikaweka gasketi mpya, nikakaza nati, nikapaka maji ya sabuni na kuwasha injini ingali baridi. Hakuna povu lililopanda.